FEDHA ZA MASOMO: HAKI, HISANI AU DENI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu baada ya sala ya alasiri

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu watukufu, Mabibi na Mabwana, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta kwa kukosa pa kukaa,

Nilipoarifiwa kuwa maudhui ni fedha za serikali za kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu, nilitaka kuomba radhi. Mimi nimesoma chuoni, sikusoma chuo kikuu. Nilikaa mkekani mbele ya maalim mpaka nikakhitimu, nikaondoka hapo nikaingia nyuma ya meza ya duka, na hapo ndipo nilipo hadi leo. Lakini Katibu wetu akanijibu kuwa mambo haya asili yake ni deni, na katika sisi hapana alijuaye deni kuliko mwenye duka. Nikaona ana hoja, nikakubali.

Ndugu zangu, kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya Kidato cha Sita mtaa wetu husikika vigelegele. Akina mama hukumbatiana, wazee huomba dua, na kijana aliyefaulu hupita njiani akipewa mkono kama bwana harusi. Miezi michache baadaye vigelegele vinanyamaza. Barua ya chuo imekuja, na ndani yake mna hesabu: ada kiasi hiki, malazi kiasi hiki, vitabu kiasi hiki. Juu ya hayo kuna nauli ya boti, na godoro, na chakula cha mwezi wa kwanza. Hapo mzazi huja dukani, wala hakuja kununua. Amekuja kuuliza ni nani atakayemdhamini.

Namjua binti mmoja wa hapa petu, na jina lake halina haja ya kutajwa. Alifaulu vizuri, akapata nafasi katika chuo kikuu. Alikuwa yatima wa baba, na yatima ni katika wale wanaotangulizwa wakati wa kugawa mikopo. Lakini uyatima huthibitishwa kwa cheti cha kifo, na baba yake alipokufa sisi tulimwosha, tukamkafini, tukamsalia, tukamzika, tukasoma khitima siku tatu, na hapana hata mmoja wetu aliyekwenda kumwandikisha. Cheti kikatafutwa mbio mbio, kikapatikana wakati mlango wa maombi umekwisha fungwa. Mwaka ule ukapita, na mwaka wa pili nafasi ile hakuipata tena. Kosa lile halikuwa la serikali peke yake. Nusu yake lilikuwa letu sisi. Nimeanza na kisa hiki kwa makusudi, ili mtakaponisikia nikiidai serikali msinidhanie kuwa nimejisahau sisi wenyewe.

Sasa na tuyapambanue maneno, kwani mambo mengi huharibika kwa sababu ya kuchanganya majina.

Fedha za serikali za kumsomesha mtu zina sura tatu. Ya kwanza ni msaada usiorejeshwa, ambao wataalamu huuita ruzuku. Huu hupewa mwanafunzi kwa sababu ya unyonge wa hali yake, na sheria ndiyo inayosema nani apewe na kiasi gani. Sura ya pili ni ufadhili, au skolashipu. Nao haurejeshwi, lakini hupewa yule aliyewapita wenziwe, au yule aliyechaguliwa na mwenye kutoa. Katika mlango huu umo ufadhili unaoitwa kwa jina la Rais Samia, ambao tangu mwaka wa masomo 2022/23 hutolewa kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi katika Kidato cha Sita. Ni jambo la kheri, na kheri husemwa hata ikitoka kwa asiyekuwa wa chama chako. Sura ya tatu ni mkopo. Huo mwanafunzi hula leo akalipa kesho.

Basi mabwana, ya kwanza ni haki, ya pili ni hisani, ya tatu ni deni. Neno langu la leo ni moja tu: mtoto wa maskini asomeshwe kwa haki, hisani iwe ni ziada, na likiwapo deni basi liwe deni lenye masharti yaliyo wazi yasiyobadilika njiani. Yote nitakayoyasema baada ya hapa ni kulifafanua neno hilo.

Huenda mtu akasema kuwa haya ya kumsomesha mwanafunzi bila ya kumdai ni mambo ya Wazungu. Sivyo hata kidogo. Katika msikiti wa Al-Azhar kule Misri, kwa karne nyingi, wanafunzi waliotoka mbali walikuwa na mahali pao pa kukaa, wakipata mikate yao kutokana na mali ya wakfu. Hapana aliyeambiwa kuwa akimaliza masomo atakatwa mshahara kulipia mkate. Sisi wenyewe katika visiwa hivi tumewaona walimu wakiwafundisha watoto kwa radhi za Mungu, wazee wakipeleka walichojaaliwa. Wazee wetu walikuwa wakijua kwamba elimu ya mmoja humfaa jirani, na ndiyo maana waliichangia.

Na tutazame zama za ukoloni. Kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka kuendelea baada ya skuli alikuwa na milango michache. Alikuwako Makerere, Uganda, kwa wachache. Kulikuwa na Uingereza kwa wachache zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikafunguka Misri ya Gamal Abdel Nasser, na vijana wetu wakapata nafasi za masomo Cairo. Nafasi hizo ziliwanufaisha wengi, na baadhi ya waliosoma huko waliifaa nchi. Hata hivyo zote zilikuwa hisani: anayetoa humchagua ampendaye, na anayepokea hujua mkono uliompa.

Lakini huyo Mwingereza aliyetupa sisi hisani, kwao alifanya nini? Mwaka 1962 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Elimu iliyozilazimisha serikali za mitaa za England na Wales kumpa msaada kila mwanafunzi aliyestahiki anayesomea shahada yake ya kwanza. Kiasi cha fedha za matumizi kilipimwa kwa kipato cha wazazi, na fedha hizo hazikuwa deni. Mwaka huo wa 1962 Mwingereza bado alikuwa na Balozi wake hapa akitutawala. Zanzibar haikupata uhuru mpaka tarehe 10 Desemba 1963. Mtawala mmoja, mwaka mmoja, na mizani miwili: kwa mtoto wake ni sheria, kwa mtoto wetu ni bahati. Hapo mtaona ya kwamba alijua vyema njia ya haki ilivyo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ilitangazwa tarehe 23 Septemba mwaka huo kuwa elimu katika Zanzibar ni bila ya malipo. Sisi tuna mengi ya kuulizana na waliotutawala tangu hapo, lakini katika hili nasema bila ya kigugumizi kuwa tangazo lile liliwaingiza skuli watoto ambao wazazi wao wasingeweza kulipa. Mtu mwadilifu hamnyimi mpinzani wake haki yake.

Upande wa pili wa bahari, chuo kikuu kilianza Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kwa miaka mingi wanafunzi wa chuo hicho walisomeshwa na serikali, wakalishwa na kulazwa kwa fedha ya umma. Na serikali nayo ilitaka malipo ya namna nyingine. Mwaka 1966 wanafunzi walitakiwa waingie Jeshi la Kujenga Taifa baada ya masomo, na kwa muda mkubwa wa utumishi huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wakaandamana tarehe 22 Oktoba hadi Ikulu, na Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Siku ile ile akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule ni mjadala wa siku nyingine. Ninalotaka mlishike ni kuwa palikuwa na mapatano yanayofahamika: taifa limekusomesha, nawe litumikie taifa. Deni lilikuwapo, ila lilikuwa deni la kazi na halikuwa deni la shilingi.

Mapatano hayo yalianza kuvunjika miaka ya mwanzo ya 1990 ilipoingia siasa ya kuchangia gharama, mzazi akaambiwa naye atie mkono mfukoni. Kisha ikapitishwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwezi Julai 2005. Elimu ya juu ni katika mambo ya Muungano, kwa hiyo mtoto wa Mkoani na mtoto wa Mwanza wote wana haki ya kuomba katika Bodi hiyo. Zanzibar nayo ikaunda Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2011. Hivyo leo tunayo milango miwili, na katika milango yote miwili jina lililoandikwa juu yake ni moja: mikopo.

Mabibi na Mabwana, mimi sikatai mkopo. Mwenye duka akikataa mkopo atafunga duka. Wengi waliomo humu, na Mungu ni shahidi, wamo katika daftari langu, na wengine kurasa zao zimeanza kuchakaa. Lakini daftari lina adabu zake. Maalim wetu alitufundisha kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haihusu sala, wala saumu, wala hija. Inahusu deni. Imo katika Suratul Baqara, na inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atamke masharti yaandikwe, ili asije akadhulumiwa aliye dhaifu. Na kabla yake imo aya inayotaka mdaiwa aliyebanwa na dhiki apewe muda mpaka apate nafasi.

Haya, na tuyatie mambo ya mikopo katika mizani hiyo.

Kijana alikopa, akamaliza masomo, akapata kazi, akaanza kukatwa asilimia 8 ya mshahara wake. Akapanga maisha yake juu ya asilimia 8: akakodi nyumba, akaoa, akawa anampelekea mama yake kidogo. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, makato yakawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na yakamgusa hata yule aliyekopa kabla ya rekebisho hilo. Chukueni mfano wa mshahara wa shilingi 800,000. Asilimia 8 ni shilingi 64,000. Asilimia 15 ni shilingi 120,000. Shilingi 56,000 zimeondoka kila mwezi mezani pake, na yeye hakuitwa aulizwe. Nawauliza nyinyi: nikimkopesha mtu gunia la mchele kwa mapatano ya kulipa kidogo kidogo, kisha katikati ya safari nikamwendea na kumwambia kuwa kuanzia leo atalipa karibu mara mbili kwa mwezi, mtaniitaje?

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Juu ya deni la asili iliwekwa tozo ya asilimia 6 kila mwaka, ikaitwa tozo ya kutunza thamani ya fedha. Jina zuri halikibadilishi kitu. Tupige hesabu ya duka. Kijana ana deni la shilingi 10,000,000, na mshahara wake ni shilingi 400,000. Asilimia 15 ya mshahara ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani shilingi 720,000 kwa mwaka. Na asilimia 6 ya deni lake ni shilingi 600,000. Basi katika mwaka mzima wa kukatwa, deni lake limepungua shilingi 120,000 tu. Kwa mwendo huo atazeeka akilipa. Kwa sisi Waislamu hapo palikuwa na tatizo jingine: kijana mcha Mungu aliwekwa baina ya kukosa elimu na kuingia katika jambo ambalo wengi katika masheikh wetu hawaoni tofauti yake na riba. Mtu asiwekwe mahali pale na serikali yake mwenyewe.

Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe za wafanyakazi Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile ya asilimia 6, na mwaka huo huo ikafutwa, pamoja na adhabu ya asilimia 10 iliyokuwa ikitozwa kwa kuchelewa. Tulifurahi, na tunasema ahsante. Lakini mwenye akili haridhiki kwa sababu mwiba umetolewa, huuliza uliingiaje. Tozo ile ilidumu miaka kwa kuwa masharti ya deni yalikuwa mkononi mwa mkopeshaji peke yake. Kilichofutwa kwa tangazo la mtu mmoja kinaweza kurudishwa na mtu mwingine. Ndiyo maana mimi sitaki tutegemee wema wa mtu, nataka tutegemee sheria.

Sasa niwachukue kidogo nje, ili msiseme kuwa mwenye duka anaota ndoto.

Marekani, nchi yenye matajiri wengi na mapenzi makubwa ya biashara, ilipitisha mwaka 1972 sheria ya kumpa mwanafunzi maskini msaada usiorejeshwa. Tangu 1980 msaada huo huitwa kwa jina la Claiborne Pell, aliyekuwa Seneta wa jimbo dogo la Rhode Island. Mwanafunzi hujaza fomu moja, kipato cha jamaa zake hupimwa kwa kanuni inayojulikana, na akistahiki hupewa. Katika mwaka wa masomo 2024/25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395. Haulizwi ni wa chama gani. Na hata huko kuna somo la kutahadhari nalo. Katikati ya miaka ya 1970 msaada huo uliweza kufikia zaidi ya robo tatu ya gharama za kusoma katika chuo cha umma cha miaka minne. Miaka hii haufikii hata thuluthi. Msaada umepanda pole pole, na gharama zimepanda mbio. Sisi wauza mchele tunalijua hilo: noti ni ile ile, lakini kibaba kinapungua.

Afrika Kusini ni mfano wa karibu zaidi. Huko wanafunzi wa kimaskini walikuwa wakisoma kwa mikopo. Mwaka 2015 vijana wakatoka barabarani kupinga ada, nchi ikatikisika. Mwezi Desemba 2017 ikatangazwa kuwa watoto wa nyumba zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka watasomeshwa kwa msaada na si kwa mkopo, na mpango huo ukaanza mwaka 2018. Ila mfuko wenyewe ukapata maradhi ya uendeshaji mbaya, ukawekwa chini ya msimamizi mwaka 2018 na tena mwaka 2024. Kwa hivyo sheria njema bila ya hesabu safi ni kisima kisicho na kamba.

Na Uingereza, ile ya sheria ya 1962? Ilirudi nyuma. Mwaka 1990 ikaanzisha mikopo ya wanafunzi, mwaka 1998 ikaweka ada ya pauni 1,000, mwaka 2012 ada katika England ikaruhusiwa kufika pauni 9,000, na mwaka 2016 misaada ya matumizi kwa wanafunzi wapya wa England ikafutwa, ikawa mikopo mitupu. Vijana wa Kiislamu huko wakalia na riba. Sheria ya mwaka 2017 ikairuhusu serikali kuweka njia isiyo na riba, na miaka ikapita wakingoja. Hapo pana funzo kuwa haki iliyopatikana huweza kupotea ikiwa wenyewe wamelala.

Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa chama ni cha watu wa kutenda, naleta mbele ya mkutano mambo matano, na naomba yajadiliwe, yakikubaliwa yapelekwe kwa Wawakilishi na Wabunge wetu.

La kwanza, yatima, mlemavu, na mtoto wa nyumba iliyo maskini kabisa asomeshwe kwa ruzuku isiyorejeshwa, na haki hiyo iandikwe katika sheria ya Zanzibar na ya Muungano.

La pili, masharti ya mkopo aliyoyatia sahihi mwanafunzi yasigeuzwe kwa kumdhuru mpaka deni lake limalizike. Anayetaka kuweka masharti mapya ayaweke kwa wakopaji wapya.

La tatu, fedha ya kujikimu, ile ambayo vijana huiita bumu, ifuate bei za sokoni, na ifike kabla ya njaa. Mwanafunzi aliyetoka Pemba akafika chuoni hana jamaa hawezi kungoja wiki kwa wiki huku akiambiwa kuwa majina yanashughulikiwa.

La nne, kila mwaka itangazwe hesabu ya walioomba na waliopewa kwa kila wilaya, bila ya kutaja majina ya watu, ili ionekane kama mizani imekaa sawa. Na haki ya mtoto isisimame juu ya muhuri wa mtu mmoja. Akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi, na awepo wa kumsikiliza rufaa yake.

La tano, daktari, muuguzi au mwalimu atakayekubali kwenda kufanya kazi Kojani, Fundo, Tumbatu au kisiwa kingine kidogo kwa miaka itakayowekwa, apunguziwe deni lake kila mwaka anaotumika. Hilo ndilo deni la kazi la zamani, safari hii kwa khiari ya mtu mwenyewe.

Hayo ni ya kuidai serikali. Sasa nageuka kwetu, na hapa ndipo nitakapowaudhi baadhi yenu.

Wapo vijana wetu waliokopa, wakasoma, wakapata kazi nzuri au biashara nzuri, na wakajificha wasilipe. Wengine hujisifu barazani kuwa wamekula fedha ya serikali ya chama kisichokuwa chao. Ndugu zangu, fedha ile si ya chama chochote. Inayorudi ndiyo inayokopeshwa mwaka unaofuata. Asiyelipa na hali anaweza, hakumwibia waziri. Amemwibia mdogo wake aliye Kidato cha Sita. Na sisi twajua kuwa deni humfuata mtu hadi kaburini, hata jeneza likiwa mbele ya watu huulizwa kama marehemu anadaiwa. Atakayetaka kuidai serikali haki na awe na mikono safi.

Na nyinyi viongozi wetu, nisameheni. Iko siku, kwa uwezo wa Mungu, zamu ya kushika funguo itakuwa yenu. Siku hiyo atakuja mtu kuwaambia: hawa walitunyima, sasa nafasi za masomo na ziwe zetu. Mkimsikiliza mtu huyo, mtakuwa mmekibadilisha kiti na dhulma imebaki pale pale. Mimi nataka mtoto wa jirani yangu, ambaye baba yake amevaa fulana ya chama kingine, apate haki yake siku hiyo kama mwanangu. Kama hatulitaki hilo, basi tuseme wazi kuwa tunachogombania ni hisani tu, na tunataka sisi ndio tuwe wenye kuitoa.

La mwisho ni la kufanywa kuanzia kesho asubuhi. Kila mwenye mtoto atazame sandukuni: cheti cha kuzaliwa kipo? Jina lililo ndani yake ni lile lile lililo katika cheti cha skuli? Ali mwenye L moja huku na Ally mwenye L mbili kule ni watu wawili mbele ya karani. Aliyefiwa akaandikishe kifo mapema, naye asingoje haja. Tena vijana wetu waliosoma, na wamo humu, wakubali kukaa hapa tawini jioni, wakati wa maombi unapofunguliwa, wawajazie fomu watoto wa watu wote, awe mwanachama au asiwe. Mimi kwa upande wangu natoa karatasi na kalamu, na gharama ya kutoa nakala za vyeti kwa kila yatima wa shehia hii, wala sitaziandika katika daftari.

Yule binti niliyewahadithia hupita mbele ya duka kila asubuhi. Hunisalimu kwa adabu, "Shikamoo baba," nami humwitikia huku nikiinamisha macho, kwani nilikuwapo siku tuliyomzika baba yake, na nilijua kusoma na kuandika. Sitaki mwaka ujao awepo mwingine wa kunifanya niinamishe macho.

Mwenyezi Mungu atutie nguvu tuidai haki bila ya kudhulumu, na atulipie madeni yetu ya dunia na akhera.